Malaba hadi Katuna kwa lifti: siku sita

Kazi yangu ni karatasi. Kwa miaka saba nimekaa kwenye ofisi ya wakala wa forodha hapa Malaba, mpaka wa Kenya na Uganda, upande wa Uganda, nikikagua hati za malori yanayotoka bandari ya Mombasa. Najua chuma gani kinakwenda Kigali, mbolea ipi inashuka Mbarara, mitumba gani itavuka hadi Goma. Lakini mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kufika mbele ya Kampala, na Kampala yenyewe nilifika mara mbili tu, kwa basi la usiku, nimelala.

Januari nikapata likizo ya wiki moja. Nikamwambia mama nataka kwenda mpaka wa Rwanda, Katuna, nione barabara yote ambayo huwa naiandika kwenye fomu, na nataka kwenda kwa lifti. Alikuwa anachambua maharage. Aliendelea kuchambua mpaka nikadhani hakusikia.

"Mabasi yameisha?" akauliza.

Tulijadiliana siku mbili. Mwishowe akatoa masharti. Nitaenda na mdogo wangu, ambaye amemaliza sinia siksi, yaani kidato cha sita, na anasubiri matokeo huku akimaliza sukari nyumbani. Kila gari tutakalopanda, namba yake ya usajili nimtumie kwa simu kabla sijaketi. Na tusipande gari lolote baada ya jua kuzama. Hilo la tatu nililivunja, na ndilo linalonifanya niandike haya yote.

Niseme jambo moja kwa wasioijua lifti ya huku kwetu: si ya bure. Ukisimama kando ya barabara ukapunga mkono, dereva anajua kuna kitu kidogo. Wanaopandishwa bure ni ndugu wa dereva, askari, na msichana aliyependeza, na huyo wa mwisho bei yake huwa anatajiwa akiwa ameshapanda. Kwa hiyo mimi hupatana nikiwa bado chini, miguu yote miwili kwenye udongo.

Siku ya kwanza, Jumatatu: Malaba – Jinja

Ningeweza kumwomba dereva ninayemfahamu. Wapo wengi ambao nimewahi kuwasaidia hati zao zisilale mezani. Ila nilitaka kusimama barabarani kama mtu yeyote. Tukachukua boda hadi nje kidogo ya mji, pale malori yanapotoka kwenye tuta na bado hayajashika mwendo. Mahali pa kusimama ni nusu ya kazi. Lori lenye mzigo likisimama na kuondoka tena linakunywa mafuta, na ukimpungia dereva akiwa kwenye mteremko, ndiyo kwanza anafaidi kasi yake, umemkosea adabu. Kidole gumba huku hakina maana. Unanyoosha mkono, kiganja chini, unaupandisha na kuushusha taratibu kama unayembembeleza mtoto mgongoni.

Malori tisa yalipita. La kumi likapumua, likasimama mbele yetu kama hatua hamsini. Tukakimbia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wapi?"

"Jinja."

"Nyinyi nani na nani?"

"Ndugu, mzee. Huyu ni mdogo wangu."

Akatutazama kwa zamu. "Pua ni moja. Pandeni."

Kwenye kioo cha mbele palikuwa na kibandiko cha kampuni, herufi nyekundu: HAKUNA ABIRIA. Aliniona ninavyokisoma. "Hicho kimebandikwa na mwenye gari," akasema. "Yeye hulala nyumbani kwake."

Ngazi ni tatu, ya juu kabisa iko karibu na kifua changu. Unashika chuma kilichosuguliwa na mikono mpaka kinang'aa, unajivuta. Ndani: kitanda nyuma ya viti, pazia la kitenge, mswala umekunjwa vizuri, tasbihi inaning'inia kwenye kioo, chupa ya chai imefungwa kwa kamba ya mpira isianguke. Nje, kwenye sanduku la chuma chini ya trela, ana jiko la gesi, unga, vitunguu na sufuria moja. Mzee ni mtu wa Kisauni, Mombasa. Anaiendesha njia hii tangu mimi sijaanza shule, na aliposikia kazi yangu alicheka hadi akakohoa. "Kumbe ni nyinyi mnaotulaza Malaba!"

Urefu ule ndio ulionimaliza. Barabara ya Malaba hadi Iganga naijua kwa taksi, ndiyo matatu ya huku, umebanwa katikati ya mama na kuku wake, unaona mgongo wa kiti. Juu ya lori unaona ndani ya nyua za watu: mtoto anaogeshwa kwenye beseni, mzee ananyolewa chini ya mwembe. Jabali la Tororo lilikaa kwenye kioo cha pembeni muda mrefu kama lililogoma kubaki nyuma. Mashamba ya mpunga ya Kibimba nilikuwa sijawahi kujua ni makubwa kiasi kile.

Mzee akanifundisha lugha ya taa. Lori la mbele likiwasha indiketa ya kulia bila kukata kona, linakwambia usithubutu, kuna gari linakuja. Likiwasha ya kushoto, pita. Wa upande wa pili akikuflashia mara mbili, kuna trafiki mbele. "Lakini usimwamini kila mtu," akaongeza. "Kuna mwingine anawasha ya kushoto kwa sababu amesahau kuizima."

Kabla ya mizani ya Busitema alituambia tuingie nyuma ya pazia, tulale. Tukalala, mdogo wangu kichwa huku, mimi kichwa kule, tukizuia kicheko. Mimi ambaye kila siku naandika uzito wa malori kwa tarakimu kubwa, leo nilikuwa nimo ndani ya tarakimu. Mahali fulani kwenye kompyuta ya serikali pana kilo kama mia na ishirini ambazo ni mimi na kijana mmoja anayesubiri matokeo.

Kushuka nako kulikuwa na mchezo wake. Kontena la mzee lilikuwa na sili ya kielektroniki, ile ninayoisoma namba yake mezani bila kuwaza. Inaonyesha lori liko wapi. Likisimama mahali pasipoeleweka au likiacha njia yake, simu inalia. Kwa hiyo kabla ya Jinja mzee aliegesha, akashuka na rungu, akaanza kugonga tairi moja moja kama daktari anayepima kifua, huku sisi tukiteremkia upande wa pili. Nilimpa elfu kumi ya watu wawili. Hakuihesabu.

Siku ya pili: Jinja – Kampala

Asubuhi tulisimama kwenye barabara ya kutokea mjini. Hata dakika kumi hazikuisha, ikasimama Premio ya rangi ya fedha. Ndani wanaume watatu.

"Kampala? Elfu tano tano. Ingieni."

Bei ilikuwa ndogo mno. Aliyekaa nyuma akafungua mlango, akatoka, akatuonyesha tuingie sisi kwanza tukae katikati, yeye atafunga pembeni. Kijana wangu tayari alikuwa ameinama kuingia. Mimi nikaenda mbele ya gari kusoma namba ili nimtumie mama. Namba ilikuwa imepakwa matope. Januari, kiangazi, hakuna tope kutoka Malaba hadi Jinja. Nikachutama nikaanza kulifuta kwa kidole. Dereva akasema kitu, yule wa nyuma akarudi ndani upesi, gari likaondoka na mlango ukiwa haujafungwa sawasawa.

Sijui walikuwa nani. Huenda walikuwa watu wazuri wenye haraka. Lakini mchezo wa gari lenye "abiria" ambao wote ni kitu kimoja, unakaa katikati yao, milango inafungwa, unaulizwa namba ya siri ya pesa za simu, huo kila mtu Uganda ana binamu aliyepatwa nao. Mdogo wangu hakuongea kwa nusu saa. Halafu akasema, "Dada, sharti la mama si mchezo."

Aliyetuchukua mwishowe ni mama mmoja mwenye pikapu, trei za mayai zimepangwa nyuma hadi juu, zimefungwa kwa neti. Trei tatu hazikuenea, nikazipakata. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, Kiganda chetu cha mpakani, tukakutana katikati. Tuliuvuka Nile kwenye daraja jipya, lile la nyaya lililofunguliwa Oktoba 2018, lenye urefu wa mita 525. Kabla yake kila lori lililopita mezani kwangu lilivukia juu ya bwawa la Owen Falls, la mwaka 1954, na madereva wa zamani bado wanasimulia ule mtetemo.

Nilimuuliza mama wa mayai kama haogopi kubeba watu asiowajua. Akasema mwanamume peke yake hambebi hata avae kanzu. Mwanamume na mwanamke, anawatazama kwanza. "Mwanamke peke yake, nyabo, nasimama hata kama sina nafasi. Nikimwacha, atakayesimama baada yangu ni nani?" Msitu wa Mabira ulipita pande zote mbili, kijani kizito, hewa ikapoa ghafla, kisha Namawojjolo na vijana wake wanaokimbilia dirisha na kuku kwenye vijiti na gonja, zile ndizi za kuchoma. Alisimama, akanunua gonja za watu watatu, akanikataza kulipa. Mayai hayakuvunjika. Nilifika Kampala mapaja yamekufa ganzi.

Tulilala kwa shangazi, Kireka. Hakumwambia mjomba tumekuja na nini.

Siku ya tatu: Kampala – Masaka

Ndani ya Kampala hakuna lifti. Ukimpungia mtu mkono watakuja boda sita. Tukapanda taksi hadi mjini, nyingine hadi Kyengera, tukaanza kusimama saa tatu asubuhi. Saa sita tulikuwa bado tumesimama. Hili wanaosifia lifti huwa hawalisemi: muda mwingi ni kusimama, vumbi la malori linaingia masikioni, na kila gari linalokupita unajiona umekataliwa wewe binafsi.

Lori la mafuta liliegesha karibu yetu dereva akaze kitu. Nikamsogelea. Hata sijamaliza salamu akatikisa kichwa. "Dada, petroli na abiria, hapana. Hata mke wangu simbebi." Hatukuwa mbali sana na Namungoona, ambako Juni 2013 lori la mafuta liligongana na gari, watu wakaja na ndoo kuchota petroli, moto ukalipuka. Walikufa zaidi ya thelathini. Nilimheshimu yule dereva kuliko wote waliotubeba.

Saa saba Fuso lenye makreti matupu ya soda likatuchukua, nyuma, juu ya makreti, elfu kumi na mbili kwa wote wawili. Upepo mtamu. Kwenye mstari wa ikweta, Kayabwe, watalii walikuwa wanapigwa picha katikati ya ile duara nyeupe, nasi tukapita kaskazini kwenda kusini bila kupunguza mwendo. Halafu Lwera, kinamasi pande zote, na daraja la Katonga. Mei 2023 mafuriko yalilikata, barabara ya Masaka ikafungwa, na mezani kwangu simu zililia wiki nzima kutoka kwa watu wenye mizigo iliyokuwa inazunguka kwa njia za vumbi. Nilipoliona nilishangaa lilivyo dogo. Nilitegemea kitu kikubwa.

Juu ya mzigo hakuna mahali pa kushika. Kwenye tuta moja makreti yaliteleza, moja likampiga mdogo wangu kwenye ugoko, damu. Lukaya tukala kuku wa kuchoma kupitia juu ya bodi ya gari. Yule kuku tutamrudia kesho.

Siku ya nne: Masaka – Lyantonde

Kuku alimlaza mdogo wangu chooni hadi mchana. Tulitoka kwenye gesti saa tisa, badala ya kulala siku nyingine kama watu wenye akili. Nilikuwa nahesabu siku za likizo. Saa kumi hakuna kitu. Saa kumi na moja pikapu moja, imejaa. Jua lilikuwa linaenda chini, mama alishapiga mara mbili, nami nilikuwa nimeshamwambia uongo mdogo kwamba tuko karibu kufika.

Jua limeshazama, likaja trela la Kenya, kontena la bluu. Dereva kijana, labda miaka thelathini na tano, macho mekundu. Alikuwa na rundo la miraa kwenye mfuko wa plastiki, jojo na karanga pembeni, shavu limetuna.

"Mbarara? Pandeni, pandeni. Sitaki hela. Nataka mtu wa kuongea naye."

Hapo ndipo ningepaswa kubaki chini. Nilisikia tu "sitaki hela". Nikamtumia mama namba ya gari, na kwa mazoea ya kazi nikakariri na namba ya kontena.

Tanboi wake, utingo, alikuwa ameugua akaachwa Kampala. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa kwenye foleni ya Malaba usiku mbili, usingizi wa kuchungulia, kila lori la mbele likisogea unasogea. Alisema bila lawama, ila mimi nilijua ile foleni inatengenezwa na nini, na baadhi yake inatengenezwa na meza yangu. Mwenye mzigo alitaka kontena Katuna asubuhi. Mdogo wangu akalala kitandani nyuma, tumbo limemchosha. Nikabaki mimi kazini.

Maana ilikuwa kazi. Nilimsimulia mambo ya ofisini, mchina aliyekuja na tafsiri ya hati iliyosema kontena limebeba "bibi harusi" kumbe ni breki. Akacheka. Nilimuuliza watoto, akasema wawili, mdogo anamwita "mjomba" kwa sababu hamzoei. Kisha majibu yakaanza kuwa mafupi. "Ehe." "Ndiyo." "Kweli?" Nikasema kitu ambacho hakikuwa swali, akajibu "Kweli?"

Giza la barabara ile si la kawaida. Lori linalokuja linakupofusha kwa taa, likishapita unabaki na weusi kwa sekunde mbili tatu, na ndani ya weusi huo kuna boda isiyo na taa, kuna ng'ombe, kuna mtu aliyevaa nguo nyeusi anatembea nyumbani kwake. Niliangalia mikono yake. Sikujua niangalie nini kingine. Vidole vilikuwa vimeushika usukani vizuri, halafu kidole kimoja kikalegea, halafu cha pili, kama mtoto anayeachia kanga ya mama yake. Kidevu kikashuka. Sauti ya barabara ikabadilika chini yangu, lami ikaisha upande wa kushoto, kokoto zikaanza kulia.

"Kaka! Kaka!"

Akanyooka. Lori likarudi kwa mtikisiko, trela likafuata nyuma likisita, nikasikia kichwa cha mdogo wangu kikigonga ukuta. Hakuna aliyekuwa mbele yetu. Hiyo tu.

"Sikuwa nimelala," akasema.

"Ulikuwa umelala."

"Nilikuwa nimefumba macho."

Nikamwambia asimame. Akasema hawezi kusimama popote, sili, simu, mwenye gari. Nikamwambia kwa sauti ambayo huwa naitumia kwa watu wanaotaka muhuri bila hati. Lyantonde haikuwa mbali, na Lyantonde malori husimama, ni mji uliokua kwa malori. Aliingia kwenye maegesho, akazima injini, akaweka paji la uso juu ya usukani, na kabla sijafungua mlango alikuwa anakoroma.

Tulikaa kwenye benchi la mama mmoja wa chai. Malori yamepangwa kama nyumba za mtaa, taa za rangi za baa zinawaka, mtu anageuza michomo. Mama wa chai akamimina, akanitazama, akatazama lori, akasema kwa Kiswahili safi kabisa, "Wako leo amechoka."

"Si wangu."

"Haya."

Wanawake wawili kwenye benchi la pili wakacheka kidogo, si kwa ubaya. Mwanamke anayeshuka kwenye lori saa tatu usiku pale ana jina lake tayari, na nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kulithibitisha. Mdogo wangu aliona aibu zaidi yangu. Akasogea, akaniita "dada" kwa sauti kubwa mara nne bila sababu. Nilimaliza chai. Nilikuwa natetemeka magoti, nikayabana kwa mikono.

Saa tano usiku dereva akashuka, amenawa uso, anatabasamu. "Twende."

"Sisi tutalala hapa."

Akanyamaza. Alikuwa amenichukua kwa kazi moja tu, nami namwachia njiani, saa ile hasa anayonihitaji. Hakusema hivyo. Alisema, "Sawa, dada. Asante kwa kuniamsha." Nikamwambia alale mpaka asubuhi. Akainua simu kunionyesha: amepigiwa mara kumi na moja. Taa nyekundu za trela lake nilizifuata kwa macho mpaka kwenye kona.

Gestini sikulala. Kwa miaka yote mama alikuwa ananionya juu ya watu, na mimi nilikuwa nimejipanga kwa ajili ya watu: pesa kwenye soksi, namba za gari, mkoba kifuani. Dhidi ya kope za mtu mwingine nilikuwa sijajipanga.

Siku ya tano: Lyantonde – Mbarara – Kabale

Pikapu ya maziwa, madebe yanagongana nyuma, dereva mzee wa Kinyankole mwenye kofia na fimbo kando ya kiti. "Agandi," nikajua kujibu, baada ya hapo nikaishiwa. Nami na mdogo wangu tulikuwa tunazungumza kwa Kiswahili, mzee anasikiliza, mwishowe akauliza kwa Kiingereza kama sisi ni wanajeshi.

Tulicheka, lakini swali lina historia. Watu wengi wa umri wake Kiswahili walikisikia kwanza kutoka kwa mtu mwenye bunduki, miaka ya Amin na iliyofuata. Katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Julai 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Kwetu Malaba ni lugha ya nyanya na ya deni la duka. Nikamwambia mzee mimi ni karani. Akaonekana kutoamini kabisa. Ng'ombe wa pembe ndefu walikuwa wanavuka barabara bila haraka, naye akawasubiri kwa adabu kuliko alivyowasubiri wanadamu wa Lyantonde.

Kila tulipopita lori lililolala mtaroni nilisimama nusu kwenye kiti nitazame rangi ya kontena. Yalikuwa mawili. Moja la kijani, moja bila kontena kabisa.

Mbarara tukaokotwa na masista wawili wenye Noah nyeupe, wanaenda Kabale. Lifti pekee ya bure kabisa ya safari nzima. Walisali rozari yote, wakaendesha kilomita sitini kwa saa, hawakuzidisha hata kwenye mteremko, na baada ya Ntungamo mdogo wangu alikuwa anaitikia sala kama aliyezaliwa misheni. Ningependa kusema nilichoshwa. Nilifurahia kila kilomita. Milima ya Kigezi ilipoanza, matuta ya mashamba yamepandiana kama ngazi hadi mawinguni, sista mwendeshaji akaweka gia ndogo, akasema, "Tunashuka na gia ile ile tuliyopandia." Wapo madereva wanaoweka free mteremkoni ili kuokoa mafuta, breki zinachemka, zinagoma. Sista alilijua hilo.

Kabale ni baridi. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya bahari na sisi tulikuja na mashati ya Malaba. Tukanunua masweta ya mitumba, ambayo kwa hakika yalipita kwangu.

Siku ya sita, Jumamosi: Kabale – Katuna

Kipande cha mwisho ni kifupi. Gari dogo la kusambaza mikate likatubeba, tukala mzigo wake kwa idhini.

Katuna nilikuwa naijua kama neno. Februari 2019 Rwanda ilipofunga mpaka tuliambiwa tuandike Mirama Hills badala yake, na kwa muda kidole changu kiliendelea kuandika Katuna chenyewe. Ulifunguliwa tena Januari 31, 2022. Sasa nilikuwa nimesimama pale. Bonde jembamba, mteremko wa chai, ofisi, foleni, watu wanabadili noti, na ng'ambo magari yanashika upande wa kulia wa barabara. Kwenye dirisha moja nilimwona karani mwanamke wa umri wangu, rundo la hati mbele yake, kikombe cha chai kimepoa. Dereva mmoja alikuwa ameegemea dirishani anasubiri. Karani hakuinua kichwa kumtazama, nami nilijua kabisa kwa nini, na ilinikera.

Tulitembea kando ya foleni ya malori, mdogo wangu akitafuta pa kupigia picha. Nilikuwa nasoma namba za makontena bila kukusudia. Kontena la kumi na nne au la kumi na tano, la bluu, nikaisoma namba hadi mwisho, nikarudi mwanzo, nikaisoma tena.

Dirisha la dereva lilikuwa wazi. Miguu miwili imetoka nje, soksi za kijivu, moja imetoboka kwenye kidole kikubwa. Simu ilikuwa inalia ndani, ikanyamaza, ikaanza tena. Miguu haikutikisika.

"Dada, si ni yule?" mdogo wangu akasema. "Tumwamshe tumsalimie?"

Lori la mbele yake likasogea hatua chache. Aliyekuwa nyuma akapiga honi. Nikamwendea huyo wa nyuma, nikamwomba asubiri kidogo.